Domeni nyingi seva moja, DMARC inagoma, naombeni msaada

Wakuu habari zenu, nina seva moja yenye IP moja, nimehosti domeni kadhaa za wateja na zote zinatuma imeili kupitia hapo hapo. Domeni kuu iko poa kabisa ila hizi zingine wakituma tu zinaangukia spamu, nikicheki SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutumia jina la domeni) inapita, DKIM (saini ya kidijitali ya imeili) inapita, halafu DMARC (ukaguzi unaolinganisha hivyo viwili na domeni ya mtumaji) inafeli!! Inawezekanaje viwili vipite cha tatu kigome? Wateja wanalalamika kila siku.

fundi_seva: Mkuu fungua heda (maelezo ya kiufundi yaliyofichwa) ya imeili iliyofika, tafuta palipoandikwa d= uone DKIM imesainiwa kwa jina la nani, nahisi utakuta domeni kuu. DMARC haiangalii tu kama saini ni halali, inataka domeni iliyosaini iwe ile ile anayoiona mpokeaji kwenye From (sehemu ya mtumaji), na SPF nayo hivyo hivyo, inakagua Return-Path (anwani ya kurudishia imeili zilizoshindwa kufika), sasa kama seva inaweka jina lake pale basi SPF inapita kwa jina la mwingine. Tengeneza ufunguo wa DKIM kwa kila domeni, biti 2048, kama unasaini kwa programu ya OpenDKIM jaza mafaili yake ya KeyTable na SigningTable (yanayoonyesha domeni ipi itumie ufunguo upi), ule ufunguo wa umma uweke kwenye DNS (rekodi za domeni mtandaoni) ya domeni husika. Ufunguo ukizidi herufi 255 ugawe vipande ndani ya alama za nukuu, hapo wengi wanakwama.

Mtandao255: Na SPF iwe rekodi moja tu kwa kila domeni, ukiweka mbili zote zinakufa. Andika ip4 ya seva yako moja kwa moja, haihesabiwi kwenye zile lukapu 10 (mara za kuuliza DNS ambazo SPF inaruhusu) kama include, inayovuta orodha ya domeni nyingine.

Muulizaji: Nimecheki, kweli d= ni domeni kuu kote. Na PTR (rekodi inayotoa jina la IP) je? Si inabeba jina moja tu?

fundi_seva: PTR iache na jina la seva, muhimu jina hilo lirudi kwenye IP hiyo hiyo na liendane na HELO (jina ambalo seva inajitambulisha nalo ikituma), haihitaji kufanana na domeni za wateja. DMARC anza na p=none (usizuie kitu) uweke rua (anwani ya kupokelea ripoti), soma ripoti kwanza ndo upande quarantine (zinazofeli ziende spamu). Ila ukitaka ripoti za wateja zije kwenye anwani ya domeni kuu, lazima DNS ya domeni kuu iwe na rekodi ya domeniyamteja._report._dmarc yenye v=DMARC1, bila hiyo huletewi kitu.

Mtandao255: Na zile domeni ambazo hazitumi imeili kabisa usiziache wazi mkuu, matapeli wanazipenda sana. Weka v=spf1 -all (hakuna seva inayoruhusiwa kutuma) na DMARC p=reject (zinazofeli zikataliwe) leo leo.