Naomba ushauri: flashi na mbawakawa weusi msituni Amani

Wakuu, napiga picha za wadudu msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Lenzi makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya mm 100, ukubwa 1:1 (mdudu anatua kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi), tundu la lenzi f/11 (kwa ukaribu huo mwanga unaopita ni kama wa f/22), shata sekunde 1/200, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 200, flashi naipanga mwenyewe 1/8 ya nguvu yake. Mbawakawa mweusi anatoka na doa jeupe lililoungua mgongoni, nyuma giza totoro. Flashi ikijipimia yenyewe inazidisha, kwa sababu inaona weusi tu. ISO 800 na flashi 1/32 inarudisha majani ya nyuma, lakini doa halipungui. Nadhani chanzo cha mwanga ni kidogo mno kwa eneo, ndiyo maana nahitaji kitu cha kuutawanya mbele ya flashi. Karatasi ya kuokea ninayotumia kwa kazi hiyo inalegea kwa unyevu. Mnatumia plastiki gani nyeupe, upana gani, na sentimita ngapi kutoka kwa mdudu bila kumtimua?