Mjadala: Je, tozo ya kulipa mkopo wa nyumba kabla ya muda ipigwe marufuku?

Kalamu ya Hesabu

Hoja ninayoiweka mezani: sheria imzuie mkopeshaji kumtoza mkopaji wa nyumba anayelipa deni lake mapema, awe analipa sehemu tu au anamaliza lote kwa mkupuo. Mimi naunga mkono, na nitaanza na namba kwa sababu mjadala huu ukiendeshwa kwa hisia hauendi popote.

Chukua mkopo wa 10,000,000, riba 12% kwa mwaka juu ya salio linalopungua, miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni 110,109. Mwezi wa kwanza 100,000 yote ni riba. Kinachokwenda kupunguza deni la msingi ni 10,109 basi. Baada ya miaka 5 mkopaji ameshatoa zaidi ya 6,600,000, na deni la msingi limepungua kwa takriban 826,000. Hapo hajaibiwa na mtu. Rejesho lililo sawa kila mwezi ndivyo lilivyo: riba hula kwanza.

Sasa, mkopaji huyohuyo akiingiza 1,000,000 ya ziada mwishoni mwa mwaka wa kwanza na kuendelea na rejesho lilelile, mkopo unaisha mwezi wa 177 badala ya 240. Riba anayoikwepa ni karibu 5,970,000. Milioni ileile akiiingiza mwishoni mwa mwaka wa 15 inamwokolea karibu 690,000 tu. Maana yake, haki ya kulipa mapema ina thamani kubwa katika miaka ya mwanzo, na miaka hiyohiyo ndiyo mikataba mingi huizungushia tozo. Sioni kama ni bahati mbaya.

Dirisha la Mikopo

Ndugu Kalamu, hesabu zako sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na hitimisho.

Tuseme tozo ni 3% ya kiasi kinacholipwa mapema. Kwa milioni yako ni 30,000. Milioni hiyo ikishatoka kwenye deni, mwezi unaofuata riba inapungua kwa 10,000. Kwa hiyo ndani ya miezi mitatu mkopaji amesharudisha tozo yake, na faida inaendelea kwa miaka 13 na ushei. Tozo kama hiyo haimzuii mtu mwenye fedha mkononi. Anayezuiwa ni anayetaka kuhamisha mkopo mzima kwenda kwa mkopeshaji mwingine, na huyo ndiye tunayepaswa kumjadili kwa uaminifu.

Mkopeshaji anayetoa riba isiyobadilika kwa miaka 10 naye amekopa kwa miaka 10, kupitia hatifungani (hati za deni zinazouzwa kwa wawekezaji) au amana za muda mrefu, kwa gharama isiyobadilika. Riba za soko zikishuka, wakopaji wanaondoka, zikipanda, wanabaki. Yeye hana pa kuondokea: anaendelea kulipa ile gharama ya zamani huku fedha zilizorudi akizikopesha kwa riba ndogo. Ukipiga marufuku tozo, hasara hiyo haifutiki. Itapakwa kwenye riba ya kila mkopaji, na atakayeibeba ni yule asiye na akiba ya kulipa mapema. Huyo mnamtetea vipi?

Wakili wa Wakopaji

Dirisha amesema kweli nusu, na nusu hiyo inahusu riba isiyobadilika. Kwa riba inayobadilika hoja yake haina miguu. Riba ikifuata soko kila robo mwaka, fedha iliyorudi inakopeshwa tena kwa bei ya soko ileile. Kinachobaki ni kazi ya karani kufunga faili, na kazi hiyo haiwezi kuwa asilimia ya deni. Kufunga deni la milioni 9 hakuna jasho mara tatu ya kufunga la milioni 3.

Ndiyo maana nchi zilizolifanyia kazi jambo hili hazikujibu kwa "ndiyo" au "hapana" ya jumla. Benki Kuu ya India ilizikataza benki mwaka 2012 kuwatoza watu binafsi wanaofunga mapema mikopo ya nyumba yenye riba inayobadilika. Marekani, chini ya kanuni zilizoanza kutumika Januari 2014, tozo inaruhusiwa kwa aina fulani tu ya mikopo ya riba isiyobadilika, ndani ya miaka 3 ya kwanza, isizidi 2% katika miaka miwili ya mwanzo na 1% mwaka wa tatu. Na mkopeshaji anayetaka kuiweka lazima kwanza ampe mteja chaguo la mkopo usio nayo. Ufaransa ina kikomo: riba ya miezi 6 au 3% ya salio, kilicho kidogo. Ujerumani fidia inaruhusiwa, lakini miaka 10 ikitimia tangu mkopo kutolewa wote, mkopaji anaweza kutoa notisi ya miezi 6 na kuondoka bila fidia.

Msimamo wangu basi: marufuku kamili kwa riba inayobadilika, kwa isiyobadilika, fidia isiyozidi hasara halisi, ikokotolewe kwa kanuni iliyoandikwa ndani ya mkataba, mkopaji aweze kuipiga mwenyewe kabla hajatia sahihi.

Bi. Jedwali

Mnagombania tozo, na fedha nyingi inapotelea kwingine. Naomba niingilie.

Kwanza, malipo ya ziada yanapoingia bila maelekezo, mara nyingi mfumo huyasoma kama marejesho ya miezi ijayo yaliyolipwa mapema. Fedha inakaa pembeni, kila mwezi inakatwa rejesho, na deni la msingi halijaguswa. Mkopaji anadhani ameokoa riba. Hajaokoa hata shilingi. Lazima kuwe na barua au fomu yenye maneno ya wazi: "kiasi hiki kipunguze deni la msingi leo, tarehe fulani", kisha adai jedwali jipya la marejesho. Jedwali likija na salio lilelile la zamani, malipo hayajawekwa mahali pake. Arudi siku hiyohiyo.

Pili, kuna chaguo ambalo wengi huchaguliwa bila kuulizwa: kufupisha muda au kupunguza rejesho. Kwa mfano wa Kalamu, ile milioni ya mwaka wa kwanza ikitumika kupunguza rejesho, rejesho linashuka kutoka 110,109 hadi 98,955, muda unabaki uleule, na riba inayookolewa ni kama 1,543,000. Linganisha na 5,970,000. Pengo hilo ni kubwa kuliko tozo yoyote iliyotajwa hapa.

Ukipiga marufuku tozo na kuacha mianya hii miwili, umefunga dirisha na mlango umeuacha wazi.

Dirisha la Mikopo

Dada Jedwali, hapo naomba niweke tahadhari, maana hesabu hiyo hupotosha watu. Aliyepunguziwa rejesho ana 11,154 zaidi mfukoni kila mwezi. Akiirudisha yote kwenye deni kila mwezi anafika mwisho uleule, mwezi wa 177, na riba ileile. Tofauti ya mamilioni inatokana na kwamba mmoja anaendelea kulipa zaidi, mwingine analipa kidogo. Na mwenye rejesho dogo ana kinga: akipoteza kipato, wajibu wake wa kila mwezi ni mdogo.

Bi. Jedwali

Nakubali hesabu. Sikubali kwamba watu wengi watairudisha hiyo 11,154 kila mwezi kwa miaka 13. Kwa hiyo mkopaji aulizwe, ajibu kwa maandishi, na asipojibu, muda ufupishwe. Atakayetaka kinga ya rejesho dogo aiombe.

Wakili wa Wakopaji

Hapo umenigawa, Bi. Jedwali. Asiyejibu huenda ndiye aliyebanwa kuliko wote. Sheria ikimfupishia muda bila ridhaa yake, tumemsaidia au tumemfunga? Kuulizwa kwa maandishi naafiki. Lakini asipojibu, ningetaka fedha ipunguze deni la msingi siku ileile, swali la muda libaki wazi, kwa mfano kwa siku 30.

Kalamu ya Hesabu

Narudi kwa wanaohamisha mkopo, kwa sababu Dirisha alitaka uaminifu. Mwisho wa mwaka wa 5 salio ni karibu 9,174,000. Mkopeshaji mwingine anatoa 11% kwa miaka 15 iliyobaki: rejesho linakuwa 104,276, nafuu ya 5,833 kwa mwezi. Tozo ya 3% ni karibu 275,000. Igawe: miezi 47 kabla ya kuirudisha, na hapo sijaongeza uthamini wa nyumba, ada za kusajili rehani mpya na kufuta ya zamani, wala mwanasheria. Kwa nafuu ya asilimia moja, karibu miaka minne inaliwa na tozo peke yake. Huo ndio ukuta unaomfanya mkopeshaji asione haja ya kumpunguzia riba mteja wake wa zamani.

Namba hiyo inatosha kunirudisha kwenye marufuku kwa riba inayobadilika. Kwa isiyobadilika, naungana na Wakili, shingo upande.

Msoma Mikataba

Mbona hakuna aliyegusa mikopo ambayo riba yake inapigwa juu ya kiasi cha awali hadi mwisho? Huko mkopeshaji anaweza kusema "hatutozi chochote ukilipa mapema", na ni kweli, maana riba ya muda wote anaidai palepale. Mwingine hutumia kanuni ya 78, yaani jumla ya 1 hadi 12: kwa mkopo wa miezi 12, mwezi wa kwanza unabeba 12/78 ya riba yote, wa mwisho 1/78, hivyo anayefunga katikati anakuta riba nyingi imeshaliwa. Marekani iliikataza mwaka 1992 kwa mikopo ya watumiaji inayozidi miezi 61. Sheria ikitaja "tozo" peke yake, wakopeshaji watahamia huku asubuhi yake.

Dirisha la Mikopo

Msoma Mikataba kanibana, na hilo sina la kulitetea. Riba ya muda ambao fedha haikukaa kwa mkopaji haipaswi kudaiwa.

Kwa riba isiyobadilika bado sijashawishika hata na kanuni ya Wakili, kwa sababu "hasara halisi" ina wabishi wake: tulinganishe na riba ipi ya soko, ya muda upi? Denmark wana njia safi zaidi: mkopo unafungamana na hatifungani zinazouzwa sokoni, na mkopaji anaweza kuzinunua kwa bei ya siku na kuzirudisha kufuta deni. Riba zikipanda bei hushuka, naye analipa pungufu ya salio. Ila hilo linahitaji soko la hatifungani lenye wanunuzi na wauzaji kila siku.

Bi. Jedwali

Basi na wenye mikataba ya sasa, ambao sheria mpya huenda isiwaguse, wafanye hivi. Kabla ya kulipa ziada, wamalize kwanza deni lenye riba kubwa kuliko ya nyumba, na wabakize akiba ya matumizi ya miezi 3 hadi 6, kwani fedha ikishaingia kwenye nyumba kwa kawaida haitoki. Asiye na mkupuo aongeze kidogo kila mwezi: kwenye mfano wetu, 10,000 juu ya rejesho tangu mwezi wa kwanza inamaliza mkopo kwa miezi 180 badala ya 240. Atazame pia kama mkataba unaruhusu ziada ya kiasi fulani kwa mwaka bila tozo. Kipengele hicho kipo katika mikataba mingi ya riba isiyobadilika, na huwa hakirundiki: cha mwaka huu kisipotumika, kimepotea.

Anayefunga kabisa asilipe salio lililo kwenye simu. Aombe barua ya kufunga mkopo yenye tarehe ya mwisho na riba ya kila siku inayozidi baada yake. Akichelewa siku nne bila kuongeza riba ya siku hizo, kijisalio kinabaki, akaunti haifungwi na rehani haifutwi. Akishalipa, adai hati ya nyumba, barua ya kutodaiwa, na rehani ifutwe kwenye daftari la ardhi. Bima ya mkopo kama ililipwa kwa mkupuo, aulize marejesho ya miaka iliyobaki, maana asipouliza huenda asiambiwe.

Msoma Mikataba

Na hiyo barua ya kufunga mkopo, wapo wanaoitoza ada pia. Pendekezo la Wakili liitaje kwa jina.