Simuleta ipi inakula mafuta kama injini ya kweli? Assetto Corsa, BeamNG, iRacing na Gran Turismo 7

MtuWaGia
Wadau, tulinganishe jambo moja tu kwenye hizi simuleta (michezo ya kompyuta ya kuendesha gari): ulaji wa mafuta. Michoro na sauti vina nyuzi zake.

Naanza na Assetto Corsa ya 2014 kwa sababu mafaili ya magari yake yanasomeka. Kwenye car.ini kuna kipengele cha CONSUMPTION. Chukua RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), zidisha kwa kiasi ulichokanyaga pedali, zidisha kwa namba hiyo, gawa kwa 1000, unapata lita kwa sekunde. Hakuna kingine. Gari lenye 0.005 likiwa RPM 7,500 na pedali iko chini kabisa linakula lita 135 kwa saa.

Sasa linganisha na injini halisi ya mbio yenye kilowati 370. Ikitumia gramu 270 kwa kilowati-saa, inachoma kilo 100 kwa saa, yaani kama lita 133. Zinakaribiana sana! Kwa hiyo anayekanyaga mpaka mwisho hana cha kulalamikia. Nataka kujua hali inakuwaje unapoanza kubana mafuta.

Nozo
Mkuu, hapo ndipo kanuni hiyo inapoanguka. Pedali nusu si mafuta nusu. Injini ya petroli inachoma kwa kufuata hewa iliyoingia. Kwenye RPM 2,500, mlango wa hewa ukifunguka nusu tu, silinda zinapata karibu hewa yote zinayoweza kumeza. Kwenye RPM 7,500 mlango huohuo, umefunguka vilevile, unazikaba. Na injini iliyokabwa inapoteza nguvu kwa kuvuta hewa kwa shida, kwa hiyo injini inayotumia gramu 250 kwa kilowati-saa ikiwa na mzigo mzuri inaweza kupita 400 ikiwa na mzigo mdogo.

Jaribu hivi kwenye simuleta yoyote. Shika mwendo uleule mahali tambarare, kwanza gia ya tatu, kisha ya tano. Tuseme gia ya tatu ni RPM 6,000 na pedali asilimia 30, ya tano ni RPM 3,600 na asilimia 50. Zidisha mwenyewe: zote mbili zinatoa 1,800. Kanuni ya Assetto Corsa inasema ulaji ni sawasawa, wakati kila dereva anajua gia kubwa inakula kidogo.

BeamNG.drive iko mbele hapa. Inahesabu mafuta kama nishati, na faili la injini lina jedwali la burnEfficiency linalopanga ufanisi kulingana na mzigo. Msuguano wa injini nao una namba zake, na unaongezeka RPM zikipanda. Ukifanya jaribio la gia humo, tofauti inaonekana.

RaundiYaMwisho
Nakubali, ila mimi naendesha mbio ndefu za iRacing, na mbioni hakuna anayetembea na pedali asilimia 30. Tunabana mafuta kwa kuachia pedali mapema kabla ya breki. Mwisho wa njia iliyonyooka nguvu karibu yote inaliwa na upepo, kwa hiyo ukiachia hapo unaokoa mafuta mengi na kupoteza muda kidogo. Injini za kisasa hukata mafuta kabisa gari likijiendea lenyewe kwenye gia, na hata ile kanuni fupi ya Assetto Corsa inatoa sifuri pedali ikiachiwa. Kwa mbinu hii simuleta zote zinatosha. iRacing haionyeshi kanuni yake, kwa hiyo tunaipima kwa lita za kila raundi.

Uzito nao usisahaulike. Lita 100 ni kilo 75 hivi, na gari linabadilika tabia kadiri tangi linavyopungua.

BiTorki
Mmesahau mchanganyiko wa hewa na mafuta. Gran Turismo 7 ina ramani ya mafuta kuanzia 1 hadi 6, ya 6 ikiwa ndiyo ya kubana zaidi. Mwelekeo wake ni sahihi: ukitoka hewa 12.5 kwa mafuta 1 kwenda 14.7 kwa 1, unaokoa kama asilimia 15 na kupoteza nguvu kidogo. Shida ni kile kizidisho cha ulaji ambacho mwenye mbio anakipanga. Kikipandishwa, lita unazoziona hazilingani tena na injini yoyote.

Turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) nayo ipigiwe kelele. Ile kanuni ya RPM na pedali haina presha ya turbo ndani yake. Na F1 ya 2014 hadi 2025 ilikuwa na kikomo cha kilo 100 kwa saa kuanzia RPM 10,500. Kupandisha RPM zaidi ya hapo hakukuongeza mafuta hata gramu, lakini kanuni fupi inaendelea kuyaongeza.

MtuWaGia
Asante, Bi Torki. Nozo, hiyo CONSUMPTION ya gari la turbo niipangeje?

Nozo
Chukua nguvu ya juu kabisa, zidisha kwa gramu 270, geuza kuwa lita kwa sekunde, kisha itafute namba kwa RPM ambako nguvu hiyo inapatikana. Itakuwa sahihi pedali ikiwa chini. Katikati ya pedali usiiamini; kwa majaribio ya kubana mafuta kwa gia, tumia BeamNG.