Mjadala: Sanamu zilizokatwa nyuso Zimbabwe House, London. Zitengenezwe au ziachwe?

Wadau, naleta hoja mezani, na upande wangu nautaja mapema: ziachwe zilivyo.

Kwa asiyelijua jengo, liko Strand, kwenye kona ya Agar Street, si mbali na Trafalgar Square. Ndio ubalozi wa Zimbabwe. Ukiinua macho utaona kati ya madirisha ya juu miili 18 ya mawe, wanaume kwa wanawake, mikubwa kuliko watu wa kawaida na iliyochongwa uchi. Huyu uso umenyofolewa, yule mkono umeishia njiani, mwingine hana nyayo. Mgeni anaweza kudhani ni kazi ya bomu la vita. Siyo, ni mafundi waliolipwa.

Jengo lilikuwa la chama cha madaktari wa Uingereza. Msanifu Charles Holden alimpa kazi ya sanamu Jacob Epstein, kijana wa miaka 27 kutoka New York, naye akachonga maisha ya binadamu tangu kuzaliwa. Yumo hata bibi kizee aliyepakata kichanga. Ilikuwa 1908, na magazeti yakawaka moto. Kwa bahati mbaya (au nzuri, kwa wapenda vituko) ng'ambo ya barabara ilikuwepo ofisi ya chama cha kulinda maadili. Askofu Cosmo Lang akapanda jukwaa la mafundi kujionea mwenyewe, akashuka akisema haoni aibu yoyote. Zikapona.

Mwaka 1935 serikali ya Southern Rhodesia (Zimbabwe ya enzi za walowezi) ikalinunua jengo na kutaka sanamu ziondoke. Kelele zikapigwa, mchoraji Walter Sickert alijiuzulu Royal Academy, chama kikuu cha wasanii Uingereza, kwa sababu rais wake alikataa kuzitetea. Halafu 1937 kipande kikaanguka barabarani. Basi, chochote kilichochomoza kikakatwa.

Najua kuna watakaosema usalama kwanza, jiwe lingeua mtu. Sibishi. Mvua na moshi wa London vilishalila lile jiwe. Lakini waliotaka ziondoke 1935 ndio hao hao waliopata sababu miaka miwili baadaye, na Epstein alikuwa hai, anaishi mji huo huo, akilalamika. Hatari ya kweli ikimwangukia mtu aliyekuwa anatafuta kisingizio, tusimwite mlinzi wa wapita njia.

Sasa wanaotaka zitengenezwe. Picha za zamani zipo, wanasema, na wachongaji wa mawe wa Zimbabwe wanasifika duniani, kwa hiyo wapewe wao wachonge vichwa vipya. Hoja hii inanivutia kuliko zote, nakiri, lakini naikataa. Kichwa cha leo juu ya kiwiliwili cha 1908 kitakuwa kazi ya mtu mwingine iliyobandikwa kwenye jina la Epstein. Wachongaji hao wapewe ukuta wao wenyewe, wasifanywe mafundi viraka.

Kuna atakayeniuliza: mbona ndege wa mawe wa magofu ya kale ya Great Zimbabwe, ambaye kipande chake kilikuwa Ujerumani, aliunganishwa kiliporudi 2003? Pale kilirudi kipande chenyewe. Hapa itakuwa nakala.

Na makovu yale yana habari ambayo sanamu nzima zisingekuwa nayo: dola ya walowezi iliingia katikati ya London, na pale ukutani ikaacha alama ya patasi yake. Zimbabwe ilirithi jengo pamoja na alama hiyo mwaka 1980. Ninachotaka ni kibao cha maelezo kinachosomeka vizuri kutoka barabarani, chenye picha za sanamu zikiwa nzima na mwaka 1937 umetajwa bila kuficha.

Mnaotaka vichwa virudi, karibuni, ila anzeni na hili: jengo limo kwenye orodha ya yanayolindwa kisheria Uingereza, na mwenye nalo ni serikali ya Harare. Nani alipe? Mwananchi wa Zimbabwe agharamie uharibifu uliofanywa na Rhodesia?