Mrejesho: niliyeuliza kuhusu kumwahirisha Mungu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niliuliza nifanyeje na moyo unaotaka kumpa Mungu yote, ila kila siku unasema "nikimaliza hili kwanza".

Asanteni nyote, hasa mama aliyenielekeza Matendo 24. Liwali Feliki aliingiwa na hofu Paulo aliponena juu ya haki, kiasi (yaani kujitawala) na hukumu ijayo, kisha akamwambia aende zake, atamwita akipata nafasi. Na kweli alimwita mara nyingi! Miaka 2 ikaisha, Feliki akaondoka, Paulo angali kifungoni. Kumbe mtu anaweza kupenda kusikiliza neno na asitii hata kidogo. Hilo lilinichoma sana.

Niliomba palepale ndani ya matatu, foleni imekwama Barabara ya Jogoo, makanga akidai nauli. Sikungoja kesha wala semina. Kibanda changu cha Gikomba sasa hakifunguliwi Jumapili, na darasa la ubatizo nimeshaanza.

Kumsamehe kaka yangu kuhusu shamba la baba bado ni kugumu. Nimempigia simu, hajapokea. Jioni nitapiga tena; niombeeni.