Magari ya serikali yanashuka melini yakiwa kamili, halafu sisi ndio tunaambiwa tununue vya Kenya

Jamani, hili jambo limenikaa kooni tangu Jumanne, leo nalitema.

Kazi yangu ni kushona viti vya magari. Nina banda Changamwe, hapa Mombasa, cherehani mbili na vijana watatu. Kilichotuweka mjini miaka yote hii si matatu, ni mabenchi ya nyuma ya zile Land Cruiser pikapu za polisi. Mnazijua, na wengine wenu mmezipanda bila kupenda. Mwenye kujenga bodi ananiletea vipimo, mimi nakata sponji, navika reksini nyeusi, napiga mshono mara mbili pembeni. Askari akikaa na bunduki na mkanda wake, mshono mmoja haumalizi mwezi.

Sasa Jumanne nikaitwa ofisi moja ya umma, siitaji. Kumeingia magari mapya matatu makubwa, na bosi hakupenda rangi ya viti. Anataka ngozi ya kahawia. Haya, nikaenda na futi yangu. Nailoni bado iko kwenye viti, dashibodi inanuka upya, namba ya chasi inaanza na herufi J. Yaani Japani. Hakuna mkono wa Mkenya uliogusa lile gari isipokuwa wa aliyelitoa bandarini.

Nikamuuliza kijana wa manunuzi, kwa adabu tu, mbona hamkuchukua yanayounganishwa hapa? Akacheka. "Mzee wangu, ya hapa yapi? Toyota ya Mjapani, Isuzu ya Mjapani. Gari la Mkenya liko wapi?"

Wallahi jibu hilo ndilo lililoniudhi kuliko hata yale magari. Maana Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 haikusema nembo iwe ya babu yetu. Imesema magari yaliyounganishwa Kenya yapewe kipaumbele. Toyota Fortuner inaunganishwa hapa hapa Mombasa. Isuzu D-Max inaunganishwa Nairobi. Na Thika kuna kiwanda ambacho serikali yenyewe ina hisa zake, halafu serikali hiyo hiyo inampelekea mwingine pesa. Umeona wapi mwenye duka akinunua sukari kwa jirani?

Na huyo kijana asituletee habari ya "gari la Mkenya", kwa sababu tulijaribu. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaambia Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari, "hata likiwa baya". Zikatoka Nyayo Pioneer chache, zikaonyeshwa Kasarani 1990, sokoni hazikufika. Kampuni yake leo ndiyo Numerical Machining Complex. Juzi juzi tukawa na Mobius, kampuni ya kutengeneza magari hapa hapa Kenya. Agosti 2024 ikatangaza kufunga kwa madeni na kodi, mpaka akajitokeza mnunuzi wa nje. Mimi naingia yadi za maofisi kila wiki, Mobius sijaikuta hata moja. Sasa unanunua vya wenzako miaka yote, chako hukigusi, kikifa unauliza kiko wapi?

Mnakumbuka zile Volkswagen Passat za mawaziri za 2009? Uhuru Kenyatta akiwa Wizara ya Fedha aliwaambia mawaziri waache magari makubwa, injini mwisho 1,800 cc. Walivyonuna! Mimi nilifurahi, sikatai, mafuta yalikuwa yanakwenda kama maji. Lakini nazo zililetwa kamili kutoka ng'ambo. Tuliokoa petroli, kazi ikabaki Ujerumani.

Ila nisije nikaonekana natetea kila kinachobandikwa stika ya kuunganishwa Kenya. Nao kuna wajanja. Kuna gari linaletwa bodi imeshachomelewa, rangi imeshakauka, viti vimeshafungwa, hapa linatiwa magurudumu na betri, picha zinapigwa, linaitwa letu. Na kuna linalokuja vipande kwenye makasha, likachomelewa hapa, likapakwa rangi hapa, na betri, springi, ekzosi na sponji vikatafutwa hapa. Hayo si mamoja hata kidogo! La pili linalisha fundi wa Kariobangi kule Nairobi na fundi wa Changamwe ambao hawajawahi kukanyaga kiwanda. Mimi ukiniuliza gari la hapa ni lipi, sitatazama nembo ya mbele. Nitauliza kabla halijawashwa lilipita mikononi mwa watu wangapi wa nchi hii. Wanaoandika tenda wangeuliza hilo moja tu, huyo wa magurudumu na betri angeumbuka mapema.

Lakini hawaulizi, wana mchezo wao. Hawaandiki "tunataka gari la kubebea watu saba kwenye barabara mbovu". Wanaandika silinda, wanaandika ujazo wa injini, wanaandika mpaka aina ya taa, na ukizijumlisha sifa zote unakuta ni gari moja tu duniani, na haliunganishwi hapa. Kisha wanakuambia tuliangalia ya ndani, hayakutimiza masharti. Wewe mwenyewe ndiye uliyeyashona masharti! Mimi fundi wa viti, nikishona kiti kwa kipimo cha makalio ya mtu mmoja siwezi kusema wengine wote wamekosa sifa.

Kuna atakayesema bosi anasafiri mbali, anahitaji gari la nguvu. Mbali wapi? Yale matatu nimeyaona mimi, yanakwenda ofisini na kurudi Nyali, mtaa wa hapa hapa Mombasa.

Basi nimeandika barua kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba orodha ya magari waliyonunua mwaka huu na masharti ya tenda. Siku ishirini na moja wanajibu, ndivyo sheria inavyosema. Nimeipeleka mwenyewe, karani akagoma kuigonga mhuri, ati mpaka bosi aione. Bosi yupi, yule wa ngozi ya kahawia?

Mwenye kujua pa kupeleka barua inapokataliwa mhuri anieleze hapa chini. Nijibiwe kabla ya Ijumaa, maana ile ngozi nimeshaikata, iko mezani, na Ijumaa narudi pale kuvika viti. Karo haingoji.