Tuwapateje wenzetu tuliosoma nao ualimu miaka ya sabini?

Mstaafu wa Nyegezi:
Habari zenu wana jukwaa. Tulimaliza Chuo cha Ualimu Butimba katikati ya miaka ya 1970, tukatawanywa vijijini wakati nchi ikijiandaa kwa Elimu ya Msingi kwa Wote iliyoanza mwaka 1977. Sasa wengi tumepita miaka sabini. Tuna kundi la WhatsApp, lakini kinachopita humo ni taarifa za misiba na picha za kutakiana asubuhi njema; aliye kimya hatujui kama anaumwa au simu yake imeharibika. Wenzangu mnafanyaje?

Binti wa Nansio:
Shikamoo mwalimu. Baba yangu ni wa rika lenu. Laini zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, vidole vyake vilikuwa vimesuguliwa na jembe hata mashine haikuvisoma, laini ikazimwa mwaka 2020, na wenzake wakadhani ametangulia. Kwa hiyo msitegemee namba ya mzee peke yake: andikeni pia namba ya mtoto au mjukuu anayeishi naye, pamoja na kijiji na kitongoji chake. Tena mwenye mtoto wa jicho hasomi ujumbe. Apigiwe simu ya kawaida.

Mzee wa Igoma:
Mwalimu mwenzangu, binti amesema kweli. Sisi tumegawana wenzetu kwa maeneo, aliyeko Magu anawafuatilia wa Magu, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 tunakwenda kumwona mgonjwa Sengerema bila kusubiri kivuko. Lakini kinachowapoteza watu zaidi, kwa maoni yangu, ni michango. Orodha ya waliotoa ikibandikwa kundini kwa majina na kiasi, yule ambaye pensheni yake inaishia kwenye dawa na ada za wajukuu hujitoa kimyakimya, nanyi mnasema ana maringo. Mtunza hazina apokee fedha kwenye simu yake, atangaze jumla tu.

Mstaafu wa Nyegezi:
Ahsanteni sana. Wapo waliojitoa baada ya mchango wa msiba. Nitawapigia bila kutaja fedha. Na wajane wa wenzetu waliotangulia, mnawaacha kundini?

Mzee wa Igoma:
Tunawaacha, isipokuwa mwenyewe akiomba kutoka. Mara nyingi mjane ndiye anayejua familia nyingine zilihamia wapi.